Bibi Taipu na Tarishi Wake

Bibi Taipu alianza kufundisha watu kuandika kwa mashine kabla wazazi wengi wa wanafunzi wake wa sasa hawajaota meno. Chuo chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na humo zilipangwa mashine za chapa nyeusi, nzito, ambazo mtu mmoja hakuweza kubeba hata moja bila kushika kiuno baadaye. Makatibu wa nusu ya ofisi za mji ule walipita mikononi mwake. Mpaka leo ukimwona mama mtu mzima anaandika ujumbe kwenye simu huku mgongo umenyooka kama yuko kwenye gwaride, usijisumbue kuuliza alisoma wapi. Bibi hakuwa na simile. Aliyekosea mstari alirudia ukurasa mzima. Aliyelia alipewa maji ya kunywa, akafuta uso, kisha akarudia ukurasa mzima.

Zilipoingia kompyuta, wanafunzi wakapungua mmoja mmoja mpaka chuo kikafa kimya kimya. Mashine alizichukua mtu wa vyuma chakavu, madawati akabaki nayo Bibi. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee alikuwa kapata kazi mji mwingine, kaoa huko, kajenga huko. Kila asubuhi Bibi alifuta vumbi kwenye madawati yasiyokaliwa na mtu, na ukimuuliza kwa nini hayauzi atakwambia hajapata mteja mwenye adabu. Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke, tena mpweke hasa, lakini hilo angemwambia nani?

Ndipo akaja Swali.

Ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bibi kulikuwa na saluni ya msusi mmoja, na msusi alikuwa na binti ambaye mtaa mzima ulimwita Swali, kwa sababu ambayo mtu huijua baada ya kukaa naye muda wa kumeza mate. Siku hiyo, shule zikiwa likizo, mama yake alimfukuza saluni. Alikuwa amemuuliza mteja mmoja, kwa nia njema kabisa, nywele zake za mbele zilikwenda wapi. Swali akabeba kompyuta ya zamani aliyopewa na mjomba wake, akaomba kukaa kwenye madawati ya Bibi, akaanza kucheza gemu.

Gemu lenyewe ni dunia iliyojengwa kwa matofali ya mraba. Mlima ni matofali, mto ni matofali, hata ng'ombe ana mwili wa mraba kama sanduku. Mchezaji anachimba, anakata, anajenga anachotaka. Bibi alichungulia kidogo, akaona mtoto anazungushia nyumba yake uzio, anabonyeza tofali moja, anasogea, anabonyeza lingine, anasogea. Akavumilia alivyoweza, kisha akauliza kama huko ndani hakuna hata mtu mmoja wa kutumwa. Swali akasema yupo. Kuna kidude fulani kinafuata amri, kikiambiwa kijenge kinajenga chenyewe, ila shida yake amri hazisemwi kwa mdomo. Lazima ziandikwe, tena bila kosa hata moja, la sivyo hakisogei.

"Bila kosa hata moja?" Bibi akauliza, akavuta kiti.

Kidude kile akakibatiza Tarishi, jina la yule mtu wa ofisini anayetumwa kupeleka faili huku na barua kule. Tofauti ni kwamba tarishi wa ofisini ukimwambia apeleke kwa mkubwa anajua ni mkubwa yupi, na anajua pia kama leo mkubwa kaamka vizuri. Huyu wa kwenye gemu hajui lolote. Umwambie aende mbele usimtajie hatua ngapi, atasimama hapo hapo mpaka kiama. Umwambie aende hatua kumi na mto uko kwenye ya tisa, ataingia mtoni bila kunung'unika. Bibi alimpenda papo hapo. Maisha yake yote alikuwa akitafuta mtu wa kufanya alichoambiwa bila kuongeza la kwake, na sasa kampata uzeeni.

Mjomba wa Swali, fundi kompyuta mwenye kibanda mwisho wa barabara, akaja akamtengenezea Tarishi amri za Kiswahili: nenda, geuka, chimba, weka, rudia. Akaleta na kompyuta chache ambazo wenyewe walizitelekeza kwake, na skrini kubwa ya kutundika ukutani. Swali akamwita rafiki, rafiki akamwita binamu, na kabla likizo haijafika katikati madawati ya Bibi yalikuwa yamejaa watoto waliobanana wawili wawili, na msusi kule saluni akawa anasuka kwa amani.

Kompyuta hazikutosha, kwa hiyo Bibi akarudi kwenye alichokijua: imla. Mtoto mmoja aliigeuzia kompyuta mgongo, akawaza anachotaka kujenga, akakisema kwa sauti. Mwenzake aliandika anachosikia na si zaidi. "Nenda. Fungua mabano. Tano. Funga mabano. Mstari mpya." Wapita njia walisikia sauti zile dirishani wakadhani ni kwaya mpya ambayo bado haijajua kuimba. Bibi alitembea katikati ya madawati, mikono nyuma, na alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, kazi ya mtu ikigoma, mwenyewe atasimama aisome mbele ya wote, herufi kwa herufi, asome kilichoandikwa na si alichokusudia, maana hivyo ni vitu viwili tofauti na wengi wetu tunavichanganya. Ya pili, mwalimu hagusi mashine. Akigusa mara moja tu, alisema, ataombwa aguse kila siku, na hapo mwanafunzi atakuwa yeye.

Sheria hizo zilifanya kazi hata kwa Bomu. Huyu alikuwa kijana mdogo mnene, mpole kabisa nje ya gemu, lakini ndani ya gemu hakuona nyumba bila kutaka kuilipua. Siku moja alimwambia Tarishi arudie kuweka tofali, akasahau kumwambia aache lini. Tarishi akajenga mnara, mnara ukapita mawingu, kompyuta ikaanza kuunguruma kama tumbo lenye njaa, na Bomu akaketi kimya akitumaini hakuna atakayegundua. Bibi alimsimamisha akasoma amri zake mpaka mwisho, na alipofika mwisho akagundua mwenyewe kwamba mwisho wenyewe haupo. Toka siku hiyo Bomu hakuacha kulipua, lakini alilipua kwa mpangilio, na kabla ya kulipua aliandika amri ya kuhakikisha ndani hakuna mtu. Bibi akasema hayo nayo ni maendeleo.

Sasa, mwanawe Bibi alikuwa na desturi ya kumpigia simu mama yake kila Jumapili. Ni mtu mwema, meneja wa ghala, anayempenda mama yake kwa namna ya watu walio mbali, yaani kwa wasiwasi. Jumapili hiyo alimuuliza habari za wiki, na Bibi, ambaye moyo ulikuwa umemjaa furaha, akammwagia zote.

"Wiki ilikuwa nzuri, baba. Bomu alilipua jiko zima, Tarishi akatumbukia kwenye volkano akayeyuka, lakini usijali, tumetengeneza mwingine."

Mwanawe akasikiliza huku akiunganisha mambo. Wiki iliyotangulia Bibi alikuwa amemwambia anajenga nyumba chini ya maji. Tena mwanawe alikuwa ameshapigiwa na jirani mmoja mwenye mdomo, akaambiwa mama kaunguza sufuria mpaka moshi ukatokea dirishani. Hilo la sufuria lilikuwa kweli. Bibi alibandika chai, akaenda kuangalia kidogo tu kazi ya Swali, na kidogo ile ikavutika. Mwanawe akakata simu, akashika tama, akamwambia mkewe kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa.

Ijumaa akafika na gari. Alikuwa amekwisha panga kila kitu: mkewe katayarisha chumba cha mama na kutundika mapazia mapya, na chumba cha mbele cha Bibi kakipatia mpangaji, mwanamume anayetaka kuuzia magodoro humo. Alikuwa amefanya yote isipokuwa kumuuliza mwenyewe. Jioni hiyo akamweleza kwa upole, tena upole ule wa kuongea na mgonjwa, akimshika mkono, akimwambia amekula chumvi nyingi na sasa ni zamu yake kupumzika.

Ule upole ndio uliomtisha Bibi. Angefoka, angemjibu. Lakini alipomwona mwanawe anachagua maneno kama mtu anayepita kwenye matope, hofu aliyokuwa akiificha hata kwake mwenyewe ikainua kichwa. Siku hizi alitafuta miwani na miwani iko usoni. Siku hizi jina la mtu lilimkaa kwenye ncha ya ulimi likakataa kushuka. Je, kama ni kweli? Kama kichwa kinakwenda na yeye ndiye wa mwisho kujua?

"Kesho asubuhi nina kipindi," akamwambia. "Njoo ukae nyuma uangalie. Ukiona nimepotea, nitafunga sanduku mwenyewe, na hutanisikia nikilalamika."

Mwanawe akakubali. Aliona ni namna ya heshima ya kuagana na madawati.

Asubuhi akaketi dawati la nyuma, magoti yakigusa ubao. Watoto wakampa shikamoo kwa pamoja, wakamwita Anko, na kijana mdogo mnene akaja kumpa mkono na kujitambulisha kuwa yeye ndiye Bomu. Anko alimtazama kwa muda bila kuachia mkono. Kumbe Bomu ni mtu. Dakika chache baadaye akaonyeshwa pia Tarishi akikata kona kwenye skrini ya ukutani, na mzigo mmoja ukamshuka mabegani, akacheka peke yake mpaka watoto wakamgeukia.

Lakini mzigo mmoja si yote. Aliangalia kipindi mpaka karibu na mwisho. Watoto walisema, watoto waliandika, watoto walisimama wakasoma makosa yao na kuyakamata, daraja likajengeka, ngazi ikajengeka. Mama yake alitembea tu, mikono nyuma. Watoto walipokuwa wakishangilia ngazi, Anko akamsogelea mama yake dirishani akasema kwa sauti ya chini.

"Watoto hawa wana akili sana, mama. Lakini kazi wanafanya wao. Wewe unapita pita tu."

Kwa sauti ya chini, ndiyo, lakini Swali hakuzaliwa na masikio ya mapambo. Akauliza, kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia, kama Anko anasema Bibi hawezi.

Mwanawe akaona haya, akataka kusema neno la kufunika, lakini Bibi alikwisha ondoka dirishani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta iliyounganishwa na skrini ya ukutani, akavuta kiti, akaketi. Watoto hawakuwahi kumwona ameketi mbele ya mashine. Wengine walisimama kwenye viti ili waone.

Akaandika. Loo, jinsi alivyoandika. Macho juu, mgongo wima, viwiko vimetulia, vidole vikikimbia vyenyewe kwa mlio wa mvua inayoanza kwenye bati. Mtoto mmoja alibaki mdomo wazi mpaka mwenzake akaufunga kwa mkono. Bibi alikuwa anamwambia Tarishi ajenge nyumba, nyumba kubwa, ukuta wa mbele matofali kumi na mawili, na hakusita popote. Akamaliza, akabonyeza.

Tarishi hakusogea. Chini ya skrini ukatokea mstari mwekundu unaosema kwamba ndani ya amri ya kwanza kuna neno ambalo kompyuta hailijui.

Sheria ni sheria. Bibi akasimama akasoma. "Rudia. Fungua mabano. Kumi na mbili. Funga mabano." Watoto wakafuata kwa macho kwenye skrini, wakatikisa vichwa kukubali. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akafuta mstari ule, akauandika upya, akabonyeza, na wekundu ukarudi vilevile. Akaufuta tena. Akasoma tena, taratibu zaidi, na safari hii sauti ilikuwa nyembamba. Kilichoandikwa kilikuwa sawa na alichokusudia, wote waliona hivyo, na bado mashine ilisema haielewi.

Akafikiri, basi ndivyo inavyokuja. Haiji na kelele. Unaketi kwenye kazi uliyoifanya maisha yako yote, unaona ni sawa, na si sawa, na huoni. Aliogopa kugeuka nyuma kwa sababu alijua mwanawe anamtazama.

Na kweli alikuwa anamtazama, na alikuwa ameshinda kesi yake. Angetoa chochote arudishe lile neno la dirishani. Akaja akasimama nyuma ya kiti, akamwekea mama yake mkono begani.

"Niachie, mama. Nitaandika mimi."

Bibi akampisha bila kubisha, na kutobisha kwake ndiko kulikowatisha watoto kuliko yote. Anko akaketi. Akaufuta mstari wote ili aanze upya bila mabaki, akaandika, naye bila kutazama vidole, mgongo wima, na watoto wakanong'onezana kwamba kumbe hata yeye anajua. Akabonyeza.

Wekundu.

Akakunja uso, akaandika tena. Wekundu. Akasema haiwezekani, yeye anaandika ripoti kila siku ya Mungu. Akakagua mabano, akakagua nafasi, akaiangalia kompyuta chini kama vile kosa limedondokea huko. Bomu akainua mkono akajitolea kuilipua nyumba yote ili waanze kwenye kiwanja kitupu, akaambiwa aketi.

Swali hakuwa kwenye dawati lake. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya meza, kidevu kimeegemea ubao, na wala haangalii skrini kama wenzake. Aliangalia mikono.

"Anko, andika kumi na mbili. Polepole."

Anko akaandika.

"Sasa Bibi."

Bibi akaandika, amesimama.

"Mbona nyote wawili mnaandika moja kwa kidole hiki?" Swali akauliza, akagusa kidole cha pete cha mkono wa kulia wa Anko. "Moja iko juu kule, mwanzoni kabisa mwa namba. Nyie mnaifuata nini huku chini?"

Mama na mwana wakainamisha vichwa pamoja wakatazama. Kidole kilikuwa kimelala juu ya herufi L. Kwenye skrini ilionekana kijiti kimoja kilichosimama wima, na L ndogo nayo ni kijiti kimoja kilichosimama wima, na kwa jicho la binadamu hakuna tofauti ya kutosha kugombania. Tarishi peke yake ndiye aliyeiona. Alikuwa ameambiwa arudie mara L-mbili, na yeye mtu wa kuitwa L-mbili hamjui.

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika meza, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na watoto wakacheka kwa kumwona yeye anacheka, hawajui bado kwa nini. Alipopata pumzi akawaeleza. Zile mashine zake za chapa za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. Waliozitengeneza walibana matumizi, wakaona hakuna haja, mtu akitaka moja aandike L ndogo, karatasi haitajua. Na karatasi kweli haikujua. Miaka yote ile yeye alisimama katika chumba hiki hiki akawafundisha mamia ya watu kwamba moja iko chini ya kidole cha pete, na hakuna barua iliyowahi kurudi. Darasani hapa hakugundua kwa sababu hakuwahi kugusa mashine. Alisema "moja," watoto wakaandika moja.

Lakini mwanawe hakuwa anacheka. Alikuwa bado anaangalia mkono wake. Ofisini namba huziandika kwa vile vitufe vya pembeni ya kibodi, na kompyuta hii ndogo haina vya pembeni, basi kidole kimekwenda kilikofundishwa. Na alikumbuka kilifundishwa wapi. Ilikuwa karibu na dirisha lile, miguu yake haijafika sakafuni, wanafunzi wameshakwenda nyumbani na mama amechoka, lakini mama amesimama nyuma yake akimsomea imla ya namba mpaka giza linaanza kuingia. Alikuwa amesahau kabisa. Kidole hakikusahau.

Bibi aliacha kucheka akamtazama.

"Na wewe pia?" akauliza taratibu.

"Na mimi, mama." Akakikunja kile kidole. "Kama huu ndio uzee, basi tumezeeka siku moja."

Watoto wakaangua kicheko, na Bibi akampiga kibao chepesi cha begani, kile cha mama kwa mtoto, akamwondoa kwenye kiti. Akaketi yeye. Kuitafuta ile moja ya juu ilibidi atazame vidole, aibu iliyoje, na darasa zima likamzomea kwa furaha kwamba Bibi anatazama, Bibi anatazama. Akaibonyeza kwa kidole kimoja kigumu, kama mtu anayemgusa mgeni asiyemwamini. Tarishi akaondoka mbio. Akaweka tofali, akasogea, akaweka, akageuka kona, ukuta ukapanda, wa pili ukapanda, madirisha yakabaki wazi mahali pake, paa likafunika. Watoto walipiga meza mpaka msusi akaja na chanuo mkononi kuuliza kuna nini. Swali akamjibu kwamba Bibi alikuwa na kosa la kale na wamelitoa, kisha akamuuliza Bibi kama wale mamia wengine aliowafundisha wameshaambiwa.

Mtu asije akadhani Anko aliamka pale akiamini mama yake ni msichana. Sufuria iliungua kweli, na ziko nyingine zitakazoungua. Alimwomba msusi awe anachungulia jikoni, na msusi akasema hilo mbona halina haja ya kuombwa, Bibi si ndiye anayemlelea mtoto. Alinunua pia birika linalojizima lenyewe, Bibi akalikagua akasema lina utii wa kutosha.

Ila baada ya kipindi kile alitoka barazani na simu. Kwanza alimpigia yule mtu wa magodoro akamwomba radhi, chumba hakipo. Kisha akampigia mkewe, ambaye alipokea akiuliza watafika saa ngapi, maana chumba kiko tayari na watoto wanamsubiri bibi yao mlangoni.

"Mama haji," akasema.

Mkewe akashtuka. Akauliza kama hali imekuwa mbaya kiasi hicho, kama hawezi kusafiri, kama aitiwe daktari. Mume akageuka kutazama ndani. Kupitia dirisha aliona watoto waliokataa kwenda nyumbani wamerudi kwenye madawati, na mama yake ameanza kutembea katikati yao, akisimama, akisikiliza, akiendelea.

"Mzima," akasema. "Haji kwa sababu anafundisha."

Akataka kuongeza maelezo, kuhusu namba na kidole na dirisha, lakini akajikuta anakitazama kidole chake, na mkewe, ambaye alimjua vizuri, akasubiri bila kumharakisha.